Mwache Apulize: Sauti Kumi za Pumzi ya Nyoka, Kutoka Isiyo na Neno Hadi ya Kukimbilia Daktari

Tatizo la mtu wa Kindu akifika ughaibuni ni kwamba anaaminiwa kupita kiasi. Akisema tu anatoka Maniema, ukingoni mwa Lualaba, jirani anadhani alilelewa na chatu. Ndugu yetu mmoja wa Bruxelles aliipenda sifa hiyo, hakuikanusha, mwishowe akanunua chatu mdogo wa kufuga, yule wa Afrika Magharibi anayejikunja kuwa mpira akiogopa. Sasa kila wiki inaingia sauti kwenye WhatsApp ya ukoo: “Sikilizeni, anapiga mluzi. Ni mgonjwa ama anaimba?”

Mama mkubwa, mkazi wa Alunguli, alimjibu kabla ya wote: “Mwanangu, huku nyoka akipiga mluzi tunaondoka sisi. Habari ya afya yake atajua mwenyewe.”

Jibu zuri kwa Alunguli, ila halimsaidii mtu aliyekwisha kulipia kisanduku cha kioo. Basi tumsaidie. Zifuatazo ni sauti kumi, tukihesabu kurudi nyuma, kutoka ile ya kupuuza hadi ile ya kutisha. Kwa kila moja jiulize mambo matatu: nyoka ana sababu ya kupiga kelele? Sauti ni kavu au ina majimaji? Na inakoma lini? Anayejibu hayo matatu amemaliza nusu ya kazi ya daktari.

Onyo moja kwanza. Maneno ya kufungua mdomo na kuchungulia pua ni ya chatu na wenzake wasio na sumu. Moma wa msituni, yule mnene wa Gaboni mwenye meno yanayokaribia sentimita 5, haangaliwi koo. Akiwa na mafua, mwombee ukiwa mbali.

10. Kimya kabisa

Tunaanza na sauti ambayo haipo. Nyoka mzima aliyetulia hasikiki. Anapumua mara chache kwa dakika, na akiwa mapumzikoni anaweza kukaa dakika kadhaa mbavu hazijatikisika. Kwa nyoka wengi pafu la kushoto ni dogo mno au halipo kabisa, kazi yote inabebwa na la kulia, refu na jembamba. Chatu kabakiwa na yote mawili, la kushoto likiwa fupi. Sehemu ya mbele ya pafu ndiyo yenye mishipa ya damu. Ya nyuma ni mfuko tu wa kuwekea hewa.

Diaframu hana. Anavuta hewa kwa misuli ya mbavu, na anajua kuchagua mbavu zipi zifanye kazi: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba boa akibanwa mbavu za mbele, kwa mfano anapokaba windo, huhamishia pumzi kwenye mbavu za nyuma na kuendelea kama hakuna lililotokea.

*Hukumu:* mzima. Usimtikise kuhakikisha kama yuko hai. Akikujibu, utakayekosa pumzi ni wewe.

9. Mkwaruzo usiotoka puani

Kuna nyoka mwembamba, mla mayai, asiye na sumu na karibu hana meno. Angefanya nini mnyonge huyo? Kajifunza vitisho. Akikasirika anajikunja kwa mizunguko, anasugua magamba ya ubavuni moja kwa jingine, na magamba hayo yana meno madogo ya msumeno. Inatoka sauti kali ya kukwaruza, mtu anaapa kwamba ni nyoka mwenye sumu anayepuliza. Anaongezea kufunua mdomo mweusi, mchezo unakamilika.

Pafu halihusiki hata kidogo. Ukitaka kuhakikisha, usiangalie kichwa, angalia mwili: mizunguko inasogea na sauti inafuata mwendo wake. Mizunguko ikisimama, na sauti inasimama.

*Hukumu:* mzima wa afya, tajiri wa maigizo. Kuku wako ndio wanaohitaji ulinzi, au tuseme mayai yao.

8. Mpulizo wa hasira

Hapa ndipo wengi wanapokosea. “Anapuliza sana, naona kifua kimembana.” Hapana, ndugu, umembana wewe. Nyoka aliyeudhika hujaza hewa pafu zima, pamoja na ule mfuko wa nyuma, halafu anaisukuma itoke kwa nguvu kupitia tundu la koo. Moma wa Gaboni ni fundi wa jambo hili: anavimba, anashuka, na kila pumzi inatoka nzito na ya kusikika hatua kadhaa mbali. Kifutu naye hivyo hivyo. Wanakuarifu mapema, nawe una hiari ya kusoma taarifa.

Kipimo ni rahisi. Funika kisanduku kwa kitambaa, ondoka, funga mlango, rudi baada ya muda bila kumgusa. Kama kimya kimerudi, ilikuwa hasira. Kama anaendelea kutoa sauti akiwa peke yake, amelala, hana wa kumgombeza, hiyo si hasira tena. Shuka chini kwenye orodha hii.

*Hukumu:* tabia, si ugonjwa. Dawa yake ni wewe kutoka chumbani.

7. Mikoromo ya mezani

Chatu akimeza panya, mdomo wake umejaa mpaka pembeni, na ulaji unachukua muda. Anapumulia wapi? Tundu la pumzi la nyoka liko kwenye sakafu ya mdomo, na analo uwezo wa kulisogeza mbele, likatokeza chini ya windo kama mrija, akaendelea kuvuta hewa huku anameza. Katika hali hiyo utasikia mikoromo, vijilio vya mate, mara nyingine pumzi moja kubwa yenye kelele. Akimaliza anapiga miayo miwili mitatu kurudisha taya mahali pake.

Ndugu yetu alituma video ya miayo hiyo saa nane za usiku, na maneno: “Anakata roho!” Mama mkubwa: “Ameshiba. Hata baba yako akimaliza bukari na sombe anafanya hivyo, hatujawahi kumwita padri.”

Lakini miayo inayorudiwa mchana kutwa, siku ambayo hakula chochote, inastahili jicho. Nyoka mwenye ute kooni hufunua mdomo mara kwa mara akijaribu kupata nafasi.

*Hukumu:* mzima, mradi kuna chakula cha kulaumiwa.

6. Mluzi wa kujivua gamba

Huu ndio mluzi uliowasumbua wengi kuliko yote. Siku kadhaa kabla ya kujivua, ngozi ya nje inaanza kuachana na ya ndani. Macho yanakuwa ya buluu-maziwa, rangi ya mwili inafifia, na ndani ya matundu ya pua ngozi hiyo hiyo inapunguza njia. Hewa ikipita kwenye njia nyembamba inapiga mluzi, mkavu, mwembamba, sawa kila pumzi.

Akishajivua, usitupe gamba. Litandaze kwenye maji kidogo, utazame upande wa kichwa. Vifuniko viwili vya macho viwepo, viangavu na vya mviringo. Mbele yake viwepo vijitundu viwili vya pua, safi. Kama vimetoka vyote na mluzi umekwisha, kesi imefungwa. Kama kipande kimebaki puani, ongeza unyevunyevu: kisanduku chenye kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, nyoka apite humo mwenyewe. Njiti ya kiberiti ni ya kuwashia mbabula. Pua ya nyoka haihusiki nayo.

*Hukumu:* mzima, yuko kwenye kubadilisha nguo. Hodi kabla ya kuingia.

5. Tik, tik, tik

Sasa tumeingia eneo la mashaka. Nyoka katulia, hajivui, hali, hana ugomvi, lakini kila pumzi inatoa mlio mdogo mkavu puani. Inaweza kuwa vumbi. Maranda ya mbao zenye harufu kali, hasa seda, yanachoma njia ya hewa. Moshi wa mkaa na marashi ya kupuliza vile vile. Inaweza kuwa gamba la mara iliyopita lililokwama. Inaweza pia kuwa ukurasa wa kwanza wa ugonjwa.

Ondoa maranda, weka magazeti au karatasi nyeupe. Karatasi ina faida ya pili: tone la ute litaonekana, na utitiri pia, vile vidudu vidogo vyeusi vinavyonyonya damu chini ya magamba, vinavyomdhoofisha nyoka na kuhamisha vijidudu kutoka mmoja kwenda mwingine. Kisha rekodi sauti kwa simu ukiiweka karibu na pua bila kumgusa, saa ile ile kila jioni. Sikio la mwenye wasiwasi linasikia mengi. Rekodi haina wasiwasi.

*Hukumu:* mshukiwa aliyeachiwa kwa dhamana. Aripoti kila jioni.

4. Mluzi usio na gamba

Macho maangavu, rangi safi, gamba lilishatoka zima, na mluzi bado upo. Hapo uliza kuhusu joto. Nyoka hajitengenezei joto la mwili, analichukua nje, na kinga yake dhidi ya maradhi inategemea joto hilo. Akipoa, kinga inalala. Bakteria waliokuwa mdomoni mwake siku zote bila kuleta fujo wanaona mlango uko wazi.

Kwa chatu wa mpira, upande mmoja wa kisanduku uwe na nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Kindu hali hiyo unaikuta barazani. Bruxelles mwezi wa kwanza unailipia bili ya umeme. Ndugu yetu alikiri kwamba alikuwa anazima taa ya joto usiku “ili apumzike”. Mama mkubwa akamuuliza kama na yeye akilala anaomba paa liondolewe.

Basi rudisha joto, pima kwa kipimajoto cha kweli badala ya kiganja, na punguza unyevu kama kuta za kioo zinatoa jasho mchana kutwa, kwani baridi na unyevu vikishikana mikono pafu haliponi. Mluzi ukiendelea licha ya marekebisho hayo, au nyoka akikataa chakula, usingoje sauti ibadilike. Tafuta daktari.

*Hukumu:* mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

3. Mapovu

Mlio sasa umelowa. Unasikia kububujika, au unaona vipovu vidogo pembeni mwa mdomo, ute unavutika akifunua taya, alama za makamasi kwenye kioo pale anapoegemeza pua. Hii hakuna cha kubishana: ni maambukizi ya njia ya hewa, na huenda ni kichomi tayari.

Ubaya wa nyoka uko katika umbo lake. Wewe ukipata kohozi, diaframu inakusaidia kulirusha nje. Yeye hawezi kukohoa kwa maana hiyo. Ute unashuka kwenye lile pafu refu, unakaa huko chini, unakuwa shamba la bakteria. Ndiyo maana sauti yenye maji ikisikika, ugonjwa haukuanza jana.

Mara nyingi wahusika ni bakteria wa kundi la akina Pseudomonas na Aeromonas, ambao vidonge vya amoksisilini vya sokoni havina kesi nao. Daktari huchukua ute kwa usufi aujue mdudu, kisha huchagua dawa. Moja inayotumika sana kwa reptilia ni seftazidimu, sindano moja kila baada ya siku 3, kwa sababu mwili wa nyoka hauna haraka hata ya kutoa dawa. Sindano hupigwa nusu ya mbele ya mwili, ili dawa isipite kwanza kwenye figo. Na wakati wote huo joto lisishuke. Bila joto, dawa inafanya kazi peke yake.

*Hukumu:* daktari, leo. Asali, ndimu na tangawizi kunywa wewe, utulize roho.

2. Mdomo wazi, kichwa juu

Hapa sauti imekuwa jambo dogo. Mkao ndio unaosema. Nyoka ameinua shingo, kichwa kinaelekea dari, mdomo uko nusu wazi, anahema. Haangalii nyota. Ameinua kichwa ili ute uteremke na hewa kidogo ipate njia. Tundu la koo linafunguka na kujifunga kwa bidii, na ukichungulia utaona utando wa mdomo umekuwa mwekundu au una usaha.

Wakati mwingine nyuma yake kuna virusi. Mwaka 1972, kwenye shamba moja la nyoka nchini Uswisi, maradhi ya mapafu yaliwaua nyoka wengi wenye sumu wa Amerika, na chanzo kikapatikana kuwa kirusi ambacho leo kinaitwa ferlavairasi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani na wa Uholanzi walieleza kirusi kingine, cha kundi la nidovairasi, katika chatu waliokuwa na kichomi. Chatu wa mpira ni miongoni mwa wanaoumwa sana. Virusi hivi havina dawa ya kuviua. Kinachobaki ni kumtunza mgonjwa, kutibu bakteria wanaodandia, na kumtenga: chombo chake cha maji, koleo lake, na wewe unawe kabla ya kuwagusa wengine. Nyoka mgeni akae peke yake miezi mitatu kabla ya kujumuika, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake.

Ndugu yetu aliposoma haya akauliza kama amrudishe chatu Afrika akapate hewa safi. Ukoo mzima ulijibu kwa sauti moja, jambo ambalo halijatokea tangu mambo ya mirathi: hapana.

*Hukumu:* dharura. Kama unao wengi, usimtibu mmoja ukawasahau waliobaki.

1. Mgonjwa asiyetoa hata mlio

Namba moja ni ya kwetu, na haihusu vioo. Ndani ya mapafu ya chatu wa porini na moma wa misitu ya Kongo huishi kimelea chenye pete mwilini, kinachoitwa Armillifer. Kwa macho ni mnyoo. Kwa ukoo ni jamaa wa kamba na kaa. Jike huweza kufika sentimita 10 na zaidi, anajishikiza kwa kulabu, ananyonya damu. Nyoka anaweza kubeba kadhaa, akapuliza kama kawaida, akala kama kawaida, ukamsifu afya. Mayai hutoka kwa ute wa mdomo na kwa kinyesi. Panya na wanyama wengine huyameza, nyoka akila panya mzunguko unafungwa.

Na mtu? Huingia kwenye mzunguko huo akinywa maji yenye mayai, akishika nyoka bila kunawa, au akila nyama yake isiyoiva. Kwa wengi vijana wa kimelea hufa mwilini na kugeuka chokaa, wakaonekana kwa bahati kwenye picha ya eksirei, wamejikunja nusu duara. Lakini wengine huenda pabaya. Mwaka 2014 yalichapishwa maelezo ya wagonjwa kutoka Sankuru, jirani zetu wa magharibi, waliokutwa na kimelea hiki ndani ya jicho. Mmoja wa waandishi alikuwa Dk. Richard Hardi, daktari wa macho wa Mbuji-Mayi. Kutoka Sankuru kuja Maniema kimelea hakihitaji viza.

Kwa hiyo anayemshika chatu kwenye gunia akisubiri mnunuzi, anayempasua jikoni na anayemlea kwenye kioo wana sheria moja. Nyoka aliyetoka porini apimwe kinyesi na ute kabla hajaitwa mzima. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Ubao na kisu kilichopasua chatu visikate nyanya kabla ya kuoshwa. Na nyama iive, iive kweli, mpaka katikati.

*Hukumu:* masikio hayatoshi, tafuta maabara. Tulipomweleza mama mkubwa kwamba hatari kubwa kuliko zote iko jikoni, alituangalia kwa huruma. Yeye mchuzi wake wa chatu huanza kuchemka asubuhi, na anayeuliza kama umeiva anatumwa kuongeza kuni.